Waliomlilia Rumena

Kazi aliyotumwa jioni ile ilikuwa ya kipuuzi kama zote alizotumwa tangu watu wa filamu wafike milimani: panda kijiji cha juu, ulete vikongwe wawili wanaojua kulia msibani.

"Na wawe na mikunjo," Relja, mwongozaji, alisema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Mikunjo ya ukweli. Kamera inapenda mikunjo, mrembo."

Mrembo. Rumena alichukua ufunguo wa gari akatoka kabla ulimi haujamponza.

Alikuwa na digrii ya fasihi kutoka Belgrade, tena ya daraja la juu, na digrii hiyo ilikuwa imemrudisha jikoni kwa mama yake kama barua iliyokosa anwani. Ametuma maombi ya kazi mpaka vidole vimeota sugu. Shule zimejaa, magazeti yanafungwa, na yule mjinga aliyekaa naye dawati moja, aliyekuwa akinakili majibu yake, sasa ni afisa utamaduni wa wilaya kwa sababu mjomba wake ana cheo chamani. Basi Rumena alipoambiwa kuna filamu inakuja Homolje, milimani kwao, na wanatafuta mshauri wa mila, alikubali. Mshauri wa mila! Maana yake ilikuwa kupika kahawa, kuwaonyesha wasichana wa vipodozi choo kiko wapi, na kuomba radhi kwa kila mwenye kuku aliyekanyagwa.

Lakini hilo si lililokuwa likimchoma.

Lililomchoma ni kwamba filamu ile aliiandika yeye.

Aliiandika majira ya baridi, kwenye meza ya jikoni, miguu ndani ya soksi za sufu za marehemu babake. Belgrade ya zamani, ya magari ya farasi na taa za gesi. Mwandishi mwenye njaa anauza hadithi za kutisha gazetini, halafu mtu asiyejulikana anaanza kuua watu kama walivyouawa kwenye hadithi zake. Wa kwanza ni mhariri aliyemdhulumu: anakutwa ameketi, mdomo umejazwa ngano ya kuchemsha, ile inayopikwa kwa ajili ya wafu. Wengine wanafuata. Wa mwisho ni mwandishi mwenyewe. Anaitwa kutoka nje ya mlango, kwa sauti yake mwenyewe, na anatoka.

Aliupeleka mswada kwa Relja alipokuja kufundisha vijana uandishi. Relja akasema una uhai. Halafu kimya. Halafu, baada ya muda mrefu, Relja huyo akashuka kwenye gari mbele ya baa ya kijiji chao akiwa na kamera, jenereta na maiti za hadithi ya Rumena. Ukurasa wa kwanza wa skripti uliandikwa: *Imeandikwa na Relja.*

Kila siku Rumena alimwambia anataka jina lake liwekwe. Jina tu. Wala hakuomba kingine. Na kila siku aliambiwa tutaongea kesho.

Huko juu, Bibi Floarka alikuwa ameshajitayarisha. Alivaa gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, na kidogo, kidogo sana, alikuwa amepaka midomo rangi.

"Mkwe wangu wa Vienna ataniona?" aliuliza.

"Ataona, bibi. Dunia nzima itaona."

"Dunia nzima sina shida nayo. Nataka yule anione."

Mdogo wake, Bibi Stanija, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumtoroka, alikuwa tayari ameketi kwenye gari na kujifunga mkanda. Aliuliza kwa sauti ya kuita mbuzi nani kafa. Akaambiwa hajafa mtu, ni sinema. Akatikisa kichwa kwa masikitiko yale yale.

Rumena akageuza gari. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya misitu, moshi wa kupika rakija, pombe yao ya plamu, umelala bondeni, na harufu ya plamu zilizochachuka ilikuwa imeshika kila kitu. Walikwenda kidogo. Kisha Bibi Floarka akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Marehemu anaitwa nani?"

"Hana jina, bibi. Ni mdoli wa mpira. Kwenye skripti ameandikwa Mwanamke Aliyekufa."

"Mpira, sawa. Anaitwa nani?"

"Bibi..."

"Sikiliza. Mimi nikilia namwita mtu. Namwambia inuka, fulani, tazama nani amekuja. Nikilia bila jina, atainuka yeyote aliye karibu."

Alisema bila kutisha. Alisema kama fundi anayekataa kupiga msumari bila mbao. Rumena akasimamisha gari pembeni, akampigia Relja. Relja alicheka mpaka wengine waliokuwa naye wakacheka pia.

"Mpe jina lolote. Nani ataelewa? Wanalia kwa Kivlahi chao cha milimani, hata mimi sielewi neno."

Akakata.

Rumena alibaki na simu sikioni. Nani ataelewa... Kweli, Relja haelewi Kivlahi, na jina la Rumena hajawahi kulishika. Wala mhariri wake wa filamu haelewi, wala wale wenye pesa. Lakini bonde zima linaelewa. Watu wa bonde waliohamia Vienna wanaelewa. Jina watakalolitaja vikongwe hawa litakwenda na filamu kila itakapokwenda. Relja atalifuta kwenye karatasi, lakini mdomoni mwa Bibi Floarka atalifutaje?

Kwa mara ya kwanza baada ya majuma, alitabasamu.

"Mwiteni Rumena," alisema. "Rumena wa Trailo."

Bibi Floarka akamgeukia.

"Rumena wa Trailo si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nani kafa?" akauliza Bibi Stanija.

Bibi Floarka hakukataa. Na hapo ndipo mtu wa mbali angeshangaa, lakini mtu wa milima ile asingeshangaa hata kidogo. Kule, mtu kujifanyia karamu yake ya kifo angali hai ni jambo la kawaida. Watoto wako ughaibuni. Nani ana hakika watakuja kumwashia mshumaa? Basi mzee anachinja kondoo wake mwenyewe, anaita majirani, anawashiwa mshumaa, anaitwa jina, anakula, yamekwisha. Mama yake Bibi Floarka alifanya hivyo, akala miguu ya nguruwe mpaka akafungua vifungo, kisha akaishi miaka mingine mpaka akawachosha.

"Lakini mwenyewe anakula," Bibi Floarka alisema. "Anakaa mezani anakula, watu wanamwona. Ukiwekewa chakula usile, umewekewa kama wafu wanavyowekewa."

"Nitakula, bibi."

"Mbele yangu."

"Nitakula."

Ndani ya nyumba ya zamani waliyoikodi kwa upigaji, kioo cha ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka jeusi, kama inavyotakiwa. Jeneza lilikuwa katikati. Ndani yake kuna yule mdoli, nywele za mtu halisi zilizonunuliwa, uso wa rangi ya nta usiofanana na mtu yeyote. Rumena mwenyewe, mchana, ndiye aliyemfunga miguu kwa uzi mwekundu, kwa sababu maiti hufungwa miguu, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuijua.

Mezani kulikuwa na mkate, kondoo wa kuchoma, na sinia la ngano ya kuchemsha, limepandwa mshumaa katikati. Vitu vyote viling'aa. Tasa, kijana wa vifaa, alikuwa anamalizia kupuliza kwa kopo.

"Usiguse, profesa," alisema. Tasa alimwita profesa tangu siku alipomwona anasoma kitabu akiwa amesimama. "Hii ni vanishi ya boti. Chini ya taa ngano ya kawaida inaonekana kama matapishi."

"Imefika mpaka chini?"

"Imefika mpaka kwenye sahani. Kwani ulitaka chakula cha jioni?"

Rumena alitazama sinia. Akamtazama Bibi Floarka, aliyekuwa anapakwa poda huku akimkemea msichana asimwondolee mikunjo. Nitakula kitu kingine baadaye, akajisemea. Itatosha.

Taa zikawashwa. Kimya.

Bibi Floarka akashika ukingo wa jeneza, akainamisha kichwa, na sauti iliyotoka haikuwa ya kikongwe yule wa rangi ya midomo. Ilitoka chini, kama inavutwa kwa kamba kutoka kisimani.

"Rumena, ewe Rumena... binti wa Trailo... inuka, Rumena, mbona umelala na jua halijazama? Nani amekuudhi, Rumena, mpaka hutaki kutuambia? Inuka uje mezani, tumekuwekea..."

Nyuma ya kamera, Rumena alisisimka kuanzia kisigino. Mwanzoni ilikuwa tamu. Majuma mangapi hajaitwa jina lake! Mrembo, mshauri, profesa, wewe dada wa kahawa. Na sasa jina lake lilijaza chumba, na Relja amekaa pale na vipokea sauti masikioni, anatikisa kichwa kwa raha, mpumbavu, haelewi.

"Rudia!" Relja alisema.

Wakarudia. Jina likaitwa upya, kila mstari. Safari hii Rumena alihisi njaa. Si njaa ya kukosa chajio. Ilikuwa shimo. Kama mtu amefungua mlango tumboni mwake na upepo unapita.

"Rudia. Karibu zaidi na uso wa maiti."

Mara ya tatu vikongwe walikuwa wanalia kweli. Machozi yalikata poda. Mwali wa mshumaa, katika chumba kilichofungwa madirisha yote, uliinama... ukaelekea jenezani... ukakaa hivyo hivyo.

Harufu ya vanishi ikawa kali mpaka macho yakawasha.

Bibi Floarka alipomaliza, mikono yake ilishuka yenyewe mpaka miguuni pa mdoli. Vidole vikafungua fundo. Uzi mwekundu ukavutika, ukaingia mfukoni mwa aproni.

"Hiyo mikono!" Relja aliruka kitini. "Mmeona mikono? Hiyo hakuna mtu angeweza kuiandika."

Rumena aliona pia. Na aibu yake ni kwamba yeye, mshauri wa mila, alichowaza ni kwamba inapendeza.

Nje, kwenye uwanja, alimfuata Relja. Alikuwa amechoka, ana njaa, na lile jina lililoitwa lilikuwa limempa moto.

"Nataka jina langu liandikwe. Leo uniambie ndiyo au hapana."

Relja alivua kofia yake, akajikuna, akairudisha. Alieleza kwa upole mbaya, ule wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, kwamba hadithi ni kitu kimoja na filamu ni kingine, kwamba amebadilisha mengi, amekata mengi, amekata hata yale madoido yake ya kijijini. Kisha akamshika bega.

"Na jina lako, mrembo, nani analijua? Nikiliandika pale, litafanya nini?"

Rumena aliutoa ule mkono begani. Akaenda kuwasha gari awarudishe vikongwe kwao.

Njiani, Bibi Stanija alisinzia. Taa za gari zililamba miti iliyopukutika. Bibi Floarka alikuwa anajifuta midomo kwa leso.

"Ulikula?"

Rumena alibadilisha gia.

"Rumena. Nimekuuliza, ulikula?"

"Walikuwa wamepuliza dawa, bibi. Ni sumu. Nitakula nikifika nyumbani."

"Nyumbani utakula cha nyumbani. Mimi naulizia kile nilichokuitia."

Akaingiza mkono mfukoni kurudisha leso. Mkono ukakwama mle. Ukatoka polepole, na kati ya vidole kulikuwa na uzi mwekundu.

"Nimemfungua," alisema Bibi Floarka. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Mungu wangu. Mikono imezoea. Tunamfungua kabla ya kufunika jeneza, ili aweze kwenda... Watamzika saa ngapi?"

"Hawamziki. Wanamrudisha kwenye sanduku mpaka tukio la kesho."

"Ameliliwa mara tatu, amewekewa chakula, amefunguliwa miguu. Na hazikwi?"

"Ni mpira, bibi!"

"Jina si mpira."

Bibi Stanija akakoroma, akaacha.

"Geuza gari," alisema Bibi Floarka.

Jenereta lilikuwa limezimwa walipofika. Wengine walikuwa wameshateremka baa. Kicheko chao kilisikika mbali. Uwanjani alikuwepo Tasa peke yake, tochi kinywani, anakunja nyaya.

Alimmulika Rumena, akatoa tochi mdomoni.

"Umesahau nini tena, profesa?"

"Tena?"

"Si umeondoka hapa sasa hivi? Umemwita bosi pale nyuma, 'Relja... Relja...' Akatoka analalamika, mkaenda zenu." Tochi ikashuka mpaka miguuni kwa Rumena, ikasimama. "Umevaa viatu saa hizi. Nikajua hasira zimekupanda mpaka unatembea peku kwenye baridi. Nimekusalimia hata hujanijibu."

"Tasa, mimi nilikuwa kwenye gari na hawa."

"Basi sauti yako ilikuja bila wewe," alisema Tasa, akacheka.

Bibi Floarka alikuwa ameshaelekea mlangoni.

Waliingia ndani kwa ile tochi. Mdoli alikuwa jenezani. Mahali pake. Nywele zake, uso wake wa nta. Tasa akapumua, akasema mnaona sasa, ninyi watu wa milima mtaniua kwa moyo.

Kisha mwanga ukafika kwenye nyayo.

Nyayo za mpira zilikuwa na matope. Mabichi. Kati ya vidole kulikuwa na jani la mplamu.

Tasa alirudi nyuma hatua moja.

Mezani, mshumaa ulikuwa umeanguka. Sinia la ngano, lililogandishwa kwa vanishi mpaka likawa jiwe, lilikuwa limechimbwa katikati. Si kwa kijiko. Kingo za shimo zilikuwa na alama za vidole, na vipande vya vanishi vilitawanyika kama kioo cha dirisha. Nusu ya ngano haikuwepo.

"Kula," alisema Bibi Floarka. "Kula kilichobaki. Sasa hivi, tukikuona."

Rumena alivunja kipande. Alikitia mdomoni. Kilikuwa na ladha ya dawa ya mbao, na chini ya dawa, mbali sana, utamu wa sukari. Meno yaliteleza. Mate yakawa moto. Alijua anachotakiwa kufanya ni kumeza. Ni kumeza tu, hata punje moja... Lakini koo lilifunga. Akili yake yote ya shule ilimpigia kelele kwamba hii ni vanishi ya boti, mwanamke mwenye digrii hamezi vanishi ya boti kwa sababu ya uzi.

"Usiteme," alinong'ona Bibi Floarka.

Akatema.

Nje, upande wa nyuma, kitu kilifunga mlango. Taratibu. Kama mtu mwenye adabu.

Walimkuta Relja kwenye kibanda cha kukaushia plamu. Ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, macho wazi. Mdomo wake ulikuwa umejaa ngano, mpaka mashavu yamevimba, na ngano ile iling'aa kwenye tochi, inapendeza, kama ilivyotakiwa kupendeza kwenye kamera.

Tasa alitoka mbio kwenda kuita watu. Rumena hakuweza kutoka. Hakuwa anautazama mdomo.

Alikuwa anatazama goti la kushoto.

Kofia ya Relja ilikuwa imewekwa pale, gotini, imenyooshwa vizuri, kama ya mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Rumena aliiandika kofia ile kwenye meza ya jikoni. Aliipenda kuliko sentensi zote. *Mhariri alikutwa ameketi, kofia gotini, kama mwombaji kazi.* Relja aliikata. Katika skripti waliyokuwa nayo watu wote, hakuna kofia.

Ilikuwa kichwani mwa Rumena tu.

Polisi walifika usiku, wakapima, wakapiga picha, na asubuhi Inspekta Gavrilo kutoka mjini akajifanyia ofisi ndani ya baa. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayekula huku akihoji. Mbele yake kulikuwa na mkate, jibini, na ile skripti. Dirishani waliketi Bibi Floarka na mdogo wake. Tasa alikuwa amejikunyata pembeni. Rumena aliketi katikati kwa sababu aliambiwa akae hapo.

Hakuwa amelala. Alikuwa amekula kila kilichokuwemo jikoni kwa mama yake, mkate, maharage, nyama ya moshi, na bado shimo lilikuwepo.

Inspekta alirudia aliyoambiwa, kwa sauti ya mtu aliyechokeshwa na maneno yasiyokaa pamoja. Kijana wa vifaa anaapa kwamba mshauri wa mila alimwita marehemu na kuondoka naye. Vikongwe wawili wanaapa kwamba wakati huo huo mshauri alikuwa anawaendesha mlimani, na kuna dereva wa kuni aliyepishana nao. Wote wanaonekana kusema kweli. Jambo hilo linamuudhi sana.

"Na hii," alisema, akigonga skripti kwa kisu cha siagi. "Nimeisoma usiku kucha. Mtu kafa kama ilivyoandikwa humu. Isipokuwa kofia. Humu hakuna kofia." Alitafuna. "Basi huyu aliyeandika haya nina hamu naye. Kama kuna mtu anajua kofia inaingiaje, ni yeye."

Akafungua ukurasa wa kwanza. Akaugeuza kuelekea kwao.

"Ni nani aliyeandika?"

Tasa alimtazama Rumena, kisha haraka akatazama meza. Kila siku, kwenye kila kikombe cha kahawa, Tasa alikuwa amemsikia akilalamika. Vikongwe walimtazama. Hata mwenye baa aliacha kufuta bilauri.

Na Rumena alicheka ndani yake, kicheko kichungu kama maji ya betri. Tazama sasa! Ameomba kuulizwa swali hili kwa watu wote wenye nguvu aliokutana nao. Ameliota. Ameandaa jibu lake kwa lugha tatu. Na sasa linaulizwa na mtu mwenye cheo, mwenye kalamu mkononi, mbele ya mashahidi, na jibu lake ni pingu.

Ukurasa ulikuwa pale. *Imeandikwa na Relja.* Ilikuwa rahisi mno.

"Si imeandikwa hapo," alisema. "Ni Relja."

"Mwenyewe? Bila msaada?"

"Mwenyewe."

"Huyu kijana anadai wewe ulikuwa unasema..."

"Niliropoka. Hasira za mtu asiye na kazi. Mimi sijaandika chochote." Sauti yake ilikuwa imara. Ilimshangaza jinsi ilivyokuwa imara. "Jina langu halimo humo popote."

Bibi Floarka alifumba macho.

Ndipo harufu ikaingia. Vanishi. Ilipita chini ya mlango, ikapanda mezani, ikakaa juu ya jibini. Inspekta alikunja pua, akatazama dirisha.

Mlango uligongwa. Mara moja. Kwa adabu.

"Ni mimi niliyeandika."

Sauti ilitoka nje. Ilikuwa na ukavu kidogo, kama ya mtu aliyemeza kitu kigumu na sasa koo limefunguka. Lakini ilikuwa ni ile ile. Lafudhi ya bonde iliyopita Belgrade, na ukali ule mwishoni mwa neno. Rumena alihisi midomo yake mwenyewe ikitikisika, kama inafuatisha.

Tasa alisukuma kiti chake nyuma. Hakusogea mbali na mlango. Alisogea mbali na Rumena.

"Nani huyo?" Inspekta aliita.

"Rumena wa Trailo. Nimekuja kuhusu kofia."

Uso wa Inspekta ulifunguka kama wa mtu ambaye hatimaye siku yake imenyooka. Alifuta vidole, akavuta kiti kingine mezani, akakipangusa makombo.

"Ingia, dada, ingia. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Kitasa kilianza kugeuka. Polepole... kama mkono usiozoea vitasa.

Inspekta alichukua kalamu, kisha akakumbuka kitu, akamgeukia mwanamke aliyeketi katikati ya chumba. Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu uliyemkalia mbele muda mrefu bila kumuuliza jambo dogo.

"Samahani. Wewe sikukuandika. Wewe unaitwa nani?"

Alifungua mdomo. Alitafuta jina. Alipapasa gizani kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba aliyozaliwa, na ukuta ulikuwa laini, laini kila mahali.

Dirishani, Bibi Floarka alikuwa ameshavuta kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, kama afanyavyo kabla ya kuanza. Pumzi alishaivuta. Kifua kilijaa. Lakini hakulia. Alibaki hivyo, mdomo wazi, mikono imeshika hewa, kwa sababu hakuwa na jina la kumwita.